Mimi na Watu wa Sindano

Mume wangu na yule mwanamke hawakuwa wakisalimiana kama watu wengine. Walikuwa wakiulizana sukari. Tukikutana naye sokoni Korogwe, mimi nikiwa na kapu mkononi na "habari za nyumbani" mdomoni, yeye ananipita kwanza, anamtazama mume wangu na kumuuliza, "Umeamka na ngapi leo?" Mume wangu anajibu, "Saba na pointi mbili." Yeye anasema, "Mimi kumi na moja, jana muhogo ulinishinda." Halafu wanacheka wote wawili. Sijui muhogo una kichekesho gani. Mimi nasimama pale kama mtu aliyeingia msibani asijue aliyefariki ni nani.

Wakimaliza namba zao ndipo ananigeukia. "Wifi, hujambo?" Kuniita wifi maana yake alikuwa amejipa udada wa mume wangu, na mimi sikumbuki mama mkwe kuzaa binti wa tatu. Lakini nilikuwa naitikia. Ningefanyaje, katikati ya soko, watu wananunua nyanya?

Walijuana kliniki ya kisukari. Kama hujawahi kwenda huko, ujue kwamba wagonjwa nao wana matabaka. Wapo watu wa vidonge, nao ndio wengi, wazee wanaokaa kwenye benchi na kulalamikia magoti. Na wapo watu wa sindano, wale wanaojichoma insulini asubuhi na jioni siku zote za maisha yao. Siku ya kliniki ya mume wangu, watu wa sindano walikuwa wawili tu, yeye na huyo mwanamke. Alikuwa na duka la madaftari na sare za shule karibu na stendi, na mume wake alifanya kazi Dodoma, anaonekana sikukuu hadi sikukuu. Mzuri? Ndiyo, mzuri. Sitasema uongo ili nionekane nina hoja.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani kwangu Kwamndolwa. Niliolewa na mume wangu akiwa tayari na ugonjwa wake, na nilijifunza kuutunza kabla sijajua vizuri anapenda mboga gani. Tulianzia maisha kwao Handeni, mahali ambapo friji ilikuwa ya kusikia. Nilikuwa nachimbia mtungi kwenye mchanga uliolowa maji, chini ya ukuta usiopata jua, na ndani yake nakitia kichupa cha insulini kilichofungwa kwenye nailoni. Kila asubuhi namwagia mchanga maji. Nilikuwa naogopa jua kuliko nilivyoogopa nyoka, maana joto likiingia kwenye ile dawa inakuwa maji tu.

Halafu nilijifunza uso wake. Watu wengine sukari ikishuka hutokwa jasho na kutetemeka. Mume wangu husahihisha Kiswahili. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, lakini akiwa na afya yake anaongea ovyo kama sisi wote, anasema "hauwezi" na "kitu yangu" wala hajali. Sukari ikishuka tu, anageuka kuwa msahihishaji wa mitihani. Siku moja tulikuwa Handeni kwenye posa ya mpwa wangu, mjomba wangu amesimama anatoa maneno mazito ya ukoo, akasema "jambo hii." Mume wangu akamkatisha: "Jambo hili." Wazee wakaganda. Mimi nikainuka, nikapita katikati ya mkeka wa wanaume, nikamtia mume wangu kijiko cha sukari mdomoni mbele ya wakwe. Ukoo mzima ulisema sina adabu, lakini mume wangu alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na nilikuwa najivunia. Sasa akaja mtu mwenye ugonjwa uleule, anayejua kwa ndani kitu ambacho mimi nakijua kwa nje. Mume wangu alikuwa akirudi kliniki anasema, "Yule dada naye miguu inamwaka moto usiku kama yangu." Sikuwahi kujua kwamba miguu inamwaka moto. Nililala kando yake miaka yote ile na hakuniambia. Nilimwonea yule mwanamke wivu hata wa maumivu ya miguu.

Kisha wagonjwa wa kliniki wakaunda chama, na chama kikapata wazo la kupanda Kilimanjaro. Si kileleni. Walisema wataishia vibanda vya mwisho, chini ya mlima wenyewe, wapige picha, waonyeshe watu kwamba mwenye sukari si maiti. Daktari alikubali kwa masharti. Wenza waliruhusiwa kusindikiza. Mume wangu akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe baki tu, baridi huipendi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mitumba natafuta koti.

Mazoezi tulifanyia Vugiri, juu milimani Usambara, mwezi wa saba, wakati ukungu umekaa juu ya mashamba ya mahindi hadi saa nne. Kwetu sisi wa bondeni ile ni baridi ya kutosha kabisa. Tulikuwa tunapanda na bodaboda mpaka njia inapokuwa nyembamba, kisha tunatembea. Wao wawili walikuwa wanasimama kila mara, wanajichoma vidole na kulinganisha. Nilijifunza mengi kwa kusikiliza tu: kwamba baridi na mlima vinakula sukari haraka, kwamba siku ya kupanda dozi inapunguzwa, kwamba unakula biskuti kabla hujasikia njaa. Nilikuwa nyuma yao. Na kwa kuwa ukungu ulificha kila kitu kingine, nilikuwa namtazama yeye. Nilimtazama anavyokanyaga, anavyocheka, anavyokunywa maji. Nilikuwa natafuta kosa. Yaliyokuwepo ni machache, nayo hayakutosha.

Muuguzi wa kliniki alituaga kwa sentensi moja ambayo ndiyo iliyotuponza. Alisema, "Lindeni dawa zenu na hali ya hewa." Kwa mtu aliyekulia Handeni au Korogwe, hali ya hewa inayoharibu dawa ni jua. Hakuna nyingine. Maisha yetu yote tumekuwa tukiitafutia insulini ubaridi, kwenye mitungi, kwenye vitambaa vilivyolowa, kwa majirani wenye friji umeme ukikatika. Hakuna kati yetu aliyewahi kuikinga dawa na baridi.

Kwa hiyo tulipofika vibanda vya pili, jioni, upepo unapenya hata mshono wa koti, yule mwanamke alifurahi. "Wifi, huku friji ya bure!" Walikuwa wameshajichoma dozi zao na tumeshakula. Akachukua kipochi kimoja, akatia kichupa chake na kichupa cha mume wangu, akaongeza vipimo vyao viwili vya sukari, akakifunga kamba na kukitundika kwenye msumari nje ya dirisha. Kila mmoja alikuwa amebeba kichupa kimoja, vya akiba waliviacha kwenye friji ya nyumba ya wageni Moshi. Mume wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walionekana kama watu waliomaliza kazi kubwa.

Mimi nilibaki nakitazama kile kipochi. Vichupa viwili vimelala pamoja, ubavu kwa ubavu, kamba imefungwa. Nilijua kabisa kwamba ni vichupa. Lakini nilishindwa kuvumilia. Walipoenda kuota moto wa chai kwenye chumba cha kulia, nilifungua dirisha, nikatoa cha mume wangu na kukitia ndani ya sidiria yangu, chini ya fulana mbili na sweta. Vipimo niliviacha. Nikapanda kitandani nimekumbatia kifua changu kama anayelinda hela.

Asubuhi maji ya kwenye beseni nje yalikuwa na ngozi ngumu juu. Yule mwanamke alikileta kipochi ndani, akakifungua, na kichupa chake kilikuwa kimeganda cheupe, kama barafu za watoto za kwenye mifuko. Akakitikisa. Hakikutikisika. Mume wangu akapekua kipochi mpaka akakigeuza ndani nje. "Changu kiko wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikawapa mgongo, nikaingiza mkono, nikakitoa. Kilikuwa na joto la mwili na maji yake yanacheza vizuri.

Kiongozi wetu wa mlima, Mchaga mmoja mwenye mzula mwekundu, alipiga makofi. "Huyu mama ana akili! Huku dawa inalala na mtu. Ikiganda mara moja, hata ikiyeyuka haifai tena." Watu wa vidonge nao wakapiga makofi. Mume wangu alinitazama kama siku ya posa yetu. Waliniuliza nilijifunzia wapi, nikasema mambo mengine mtu anajua tu. Sikuona sababu ya kuwachosha na maelezo.

Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kichupa kilichoganda mkononi. Kiongozi akasema kwa adabu kwamba itabidi ashuke, mgumu mmoja, ndivyo wanavyowaita wabeba mizigo wa mlimani, atamsindikiza hadi getini, na jioni atakuwa Moshi kwenye dawa yake ya akiba. Akakubali kwa kichwa. Hakulia wala hakubishana.

Sasa, insulini yao ilikuwa ya aina moja, inatoka kliniki moja, na kichupa kimoja kingewatosha wote wawili siku zile zilizobaki. Mume wangu alijua hivyo. Nami nilijua kwamba anajua. Akatazama buti zake, akaniachia mimi. Nilitaka ashuke. Nalisema wazi: nilitaka yule mwanamke ashuke mlima na mgumu wake wa mizigo, niendelee mimi na mume wangu na upepo. Lakini nilijua pia kwamba akishuka bila dawa, mume wangu atapanda akiwa na kichwa kilichogeukia nyuma, na mimi nitakuwa napanda na mgongo wa mtu anayemuwaza mwingine. Heri awepo nimwone.

"Kila mtu na bomba lake jipya," nikasema, "na kichupa kinarudi kwangu. Hakikai kwenye kipochi."

Alivuta dozi yake, akajichoma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, wifi," akasema. Kisha akaongeza kwa mshangao, "Ina joto." Nilijisikia kama nimechunguliwa nikioga.

Tukaenda hivyo siku ile, kuvuka uwanda ule mkubwa ulio mtupu kati ya vilele viwili, hakuna mti, hakuna kichaka, mawe na vumbi na upepo. Sijawahi kuona nchi isiyo na hata mahali pa kujificha mtu akojoe. Baridi ile haifanani na ya Vugiri. Ya Vugiri inakugusa. Hii inakuingia puani na kukaa nyuma ya macho. Maji yaliganda kwenye mdomo wa chupa. Biskuti zilikuwa ngumu kama vigae, tukawa tunazitia mdomoni na kuzingoja.

Na vipimo vilikufa. Vilikuwa vimelala msumarini usiku mzima. Cha mume wangu hakikuwaka kabisa. Cha yule mwanamke kilikuwa kinawaka ukikitia kwapani kwa muda, lakini ukikitoa tu kwenye upepo kinaandika alama ya hitilafu na kuzima. Walijaribu, wakajaribu tena, wametoboa vidole bure. Mwishowe wakakirudisha mfukoni. Basi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hawakuwa na la kuulizana. Walitembea kimya kama wakwe. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Furaha haikudumu, kwa sababu nikaanza kuelewa maana yake. Dalili zote wanazofundishwa kliniki, pale juu kila mtu alikuwa nazo. Tulikuwa tunatetemeka sote. Midomo yetu sote imepauka, miguu mizito, maneno yanatoka polepole. Mwenye sukari iliyoshuka na mwenye baridi tu walikuwa sura moja. Na mtu wa sindano sukari ikimshuka akaachwa, anaweza kukaa chini kupumzika na asiinuke. Niliacha kutazama njia. Nilikuwa natembea kiubavuubavu, namtazama mume wangu usoni, najikwaa kwenye mawe.

Tulipumzika kidogo nyuma ya jiwe kubwa. Kiongozi hakupenda tukae. Akasema, "Mwalimu, hauwezi kukaa hapa sana, upepo mbaya."

"Huwezi," mume wangu akajibu. "Nafsi ya pili. Huwezi."

Kiongozi akacheka. Yule mwanamke naye akacheka. Mimi nilikuwa nimeshavua glavu kwa meno na nimefungua pakiti ya glukosi. Mume wangu akageuza uso, akasema nisimlishe mbele za watu, akaniambia pia kwamba "mbele za watu" ndiyo sahihi wala si "mbele ya watu." Nikamshika taya. Nikamtia unga ule kinywani, nikampa maji yaliyobaki kwenye chupa niliyoifunga tumboni, nikamshikilia mpaka ameze. Akanikasirikia kabisa, akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Nikamtia tena. Tukangoja, kiongozi amekatisha kicheko chake njiani, upepo unapiga jiwe.

Baada ya kitambo mume wangu akapangusa mdomo, akatuangalia mmoja mmoja. "Hauwezi kuamini nilivyochoka," akasema. Aliposema "hauwezi," nikakaa chini.

"Umejuaje?" yule mwanamke akaniuliza. Hakuwa anacheka tena.

"Ni mume wangu," nikamjibu. Nililisema jibu hilo kwa raha yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimelisubiri tangu lile soko, na nilihakikisha limemfika.

Lilimfika. Akatazama chini. Kiongozi alikuwa anamsimamisha mume wangu, anamtembeza hatua chache arudishe damu miguuni. Tukabaki sisi wawili nyuma ya jiwe. Kisha akasema, kama mzaha, "Na mimi, wifi? Uso wangu unasemaje?" Nilimtazama. Mdomo ulikuwa wa mzaha, macho hayakuwa. "Kipimo kimekufa," akasema. "Sijui niko wapi. Nyumbani napima mara kwa mara kwa sababu hakuna wa kuniambia. Hapa sijui kabisa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si muuguzi wake, amuulize mume wake wa Dodoma. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mikono yake ilikuwa kichwani, inafungua kitambaa alichojifunga chini ya mzula na kukifunga upya, na kitambaa kile hakikuwa kimelegea. Alikuwa amefanya hivyo tulipofika kwenye jiwe, na kabla ya hapo njiani, na sasa tena. Nikakumbuka Vugiri. Kila mara kule alipoanza kuhangaika na kitambaa chake bila sababu, haikupita muda angejichoma kidole na kutaja namba ndogo, na kuomba biskuti. Nilikuwa nimeona hilo safari zote za Vugiri. Nililiona nikidhani anajipamba kwa ajili ya mume wangu, na nilikuwa nimelichukia kwa moyo wote.

"Umeshuka sukari," nikamwambia.

"Hapana, najisikia sawa."

"Umeshuka. Hicho kitambaa umekifunga mara ngapi?"

Akaishusha mikono, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Hakuwa anajua. Mwili ni wake, ugonjwa ni wake, na hakuwa anajua. Nikamimina glukosi iliyobaki, ile ya mume wangu, kwenye kiganja changu. Vidole vyake havikuweza kushika, nikamlisha mimi. Nikavunja biskuti, nikaipasha moto kwapani mwangu, nikampa vipande vidogovidogo. Alikuwa anatafuna macho yamefumbwa, na taratibu ile rangi ya majivu ikaanza kumtoka mashavuni.

"Hilo la kitambaa," akasema, "hata mume wangu halijui. Miaka kumi na miwili ya ndoa." Akatafuna kidogo. "Nimekuonea wivu muda mrefu, wifi. Siyo wa mwalimu, usinifikirie vibaya. Wa kutazamwa vile unavyomtazama. Na wewe umenitazama lini mimi, mpaka ukajua hivi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa refu, na lote lilikuwa la kweli, na hakuna hata sehemu yake moja ambayo ningeweza kumwambia mtu niliyemlisha kwa mkono.

Nikamwambia anyamaze, atafune kwanza.